Mjadala: Kila sekondari pevu ifundishe uchoraji na ubunifu, au tuwaachie shule zenye uwezo?

Wadau, naomba tulijadili hili bila matusi. Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi (CBC) hapa Kenya liliingia Gredi ya 10, mwaka wa kwanza wa sekondari pevu, Januari 2026, kila mwanafunzi na mkondo wake: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Serikali ilikadiria asilimia 60 waende STEM, 25 Sayansi za Jamii na 15 Sanaa na Michezo. Hesabu hiyo sina ugomvi nayo. Ninachopinga ni kanuni iliyo chini yake. STEM ni lazima kwa kila shule, ilhali sanaa hutolewa pale tu shule inapoonekana kuwa na walimu na vifaa. Kwa hivyo mtoto wa shule ya kutwa kijijini anayependa kuchora ana mawili: ahame kwenda bweni, mzazi akubali kulipa, au aache.

Mimi nasema kila shule ifundishe uchoraji na ubunifu, hata kama ni kwa wanafunzi kumi.

Najua jibu la kwanza litakuwa vifaa. Sasa niambieni, kemia inataka nini? Gesi, mabomba ya maji, kemikali, vioo vinavyovunjika kila muhula. Tuna shule zisizo na maabara ya maana na bado zinapeleka watahiniwa wa kemia, na hakuna aliyewahi kuziambia ziache mpaka zijipange. Uchoraji unaanza na penseli, karatasi ya manila, kipande cha mkaa, udongo wa mfinyanzi na waya. Weka mtungi wa plastiki wa lita 20 karibu na dirisha, uwaambie wauchore. Mara ya kwanza karibu kila mmoja atachora mdomo wa mtungi duara kamili, kwa kuwa anajua ni duara. Mlazimishe atazame tena: kutoka pale alipoketi, duara limebanwa, na upande wenye kivuli, chini kabisa, kuna mstari mwembamba wa mwanga unaorudi kutoka sakafuni. Akishauona huo mstari, ameanza kutofautisha anachokiona na anachokidhania. Mwalimu wa fizikia atafurahia mwanafunzi wa namna hiyo.

Hoja ya kazi nayo, "utakula picha?", tuijibu kwa uangalifu. Wenzangu wa upande huu hukimbilia kumtaja msanii Wangechi Mutu, ambaye sanamu zake za shaba ziliwekwa mbele ya Metropolitan Museum kule New York mwaka 2019, au mchoraji Michael Armitage. Tunawaonea fahari, lakini kama hoja ya sera hawatusaidii. Ni sawa na kutetea somo la michezo kwa kumtaja Kipchoge peke yake.

Mimi nitawapeleka Tabaka, Kisii, kwa wachongaji wa jiwe la sabuni. Pale jiwe huchimbwa, hukatwa na kuchongwa, kisha husuguliwa kwa msasa ndani ya beseni la maji, msasa wa kukwaruza kwanza, laini baadaye, mpaka mkono usihisi mkwaruzo. Halafu linapakwa nta na kung'arishwa. Ufundi upo, na umepita kutoka kizazi hadi kizazi. Lakini tembea kwenye maduka ya vinyago Nairobi au Mombasa uhesabu mara ngapi utakutana na tembo yuleyule, kiboko yuleyule, wapenzi walewale waliokumbatiana. Mnunuzi akiona bidhaa zinafanana anachagua ya bei ya chini, na dalali analijua hilo vizuri kuliko mchongaji. Anachokosa kijana wa pale ni kile somo la ubunifu hufundisha: kuchora wazo jipya kabla ya kugusa jiwe, kulijaribu kwa udongo, kujua litatumiwa na nani na litafungashwa vipi lisivunjike safarini, na kulitolea bei inayohesabu saa zake za kazi. Shule jirani na machimbo ikikosa somo hili kwa sababu "haina vifaa", wenzangu, hapo mimi nashindwa kuelewa.

Kuhusu akili unde, kwamba kompyuta sasa inachora yenyewe: ndiyo, inachora. Bado anatakiwa mtu wa kusema hii imekaa vibaya na kwa nini.

Kizuizi cha kweli ni walimu, na hapa wapinzani wangu wana haki. Tangu uchoraji na kazi za mikono zitolewe kwenye KCPE, uliokuwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, somo lilikufa taratibu katika shule za msingi, maana kisichotahiniwa kwetu hakifundishwi. Sekondari chache ziliendelea nalo hadi KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kwa hiyo waliosomea ualimu wake ni wachache, na shule zikakosa walimu, zikaacha kulitoa. Kisha katika sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9) uchoraji ukaunganishwa na muziki, maigizo na michezo kuwa somo moja. Mwalimu aliyeajiriwa kwa sababu ya mpira ndiye anayetakiwa kufundisha rangi. Simlaumu.

Napendekeza shule tatu nne za karibu zigawane mwalimu mmoja mwenye ratiba ya kuzunguka. Tena TSC, tume inayosajili walimu, itengeneze cheti cha usajili kwa mafundi, yaani wachongaji, wafinyanzi, wachoraji wa mabango, ili waingie darasani kwa saa maalumu chini ya mwalimu aliyesajiliwa. Kwa sheria ya sasa, asiyesajiliwa hafundishi, na najua vyama vya walimu havitalipenda hili. Waseme wanahofia nini hasa: viwango, au ajira? Hayo ni mambo mawili tofauti na kila moja lina jibu lake.

Wale wa "tusubiri shule zipate uwezo", swali langu kwenu ni moja. Kemia haikusubiri. Kwa nini uchoraji usubiri?