Tovuti ya mteja kwa WordPress: ni kumuuzia kitu cha bure?

Wadau wa Tabora na majirani zetu wa Kigoma, naomba tulijadili hili maana limenikaa kooni wiki nzima. Nilialikwa kwenye kikao cha kikundi cha wafuga nyuki hapa mkoani, wanataka tovuti ya kuonyesha asali na nta kwa wanunuzi wa mbali, nikawapa bei laki nane na nikawaeleza wazi kabisa kwamba nitaijenga juu ya WordPress, programu ya kujengea tovuti. Fundi mwenzangu naye alikuwa ameitwa kutaja bei yake, akasimama akawaambia wazee, "Huyu anawauzia kitu cha bure, hiyo WordPress mtu yeyote anaishusha intaneti bila kulipa hata senti, mimi nawaandikia ya kwenu peke yenu kuanzia ziro." Yake milioni mbili na nusu. Mwenyekiti akanigeukia, "Kijana, ni kweli ni ya bure?" Nikasema ndiyo mzee, ni kweli. Nyuso zikabadilika pale pale.

Sa mi nauliza, kosa langu liko wapi?

WordPress ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote, toleo la kwanza lilitoka Mei 2003, na hao Matt Mullenweg na Mike Little walioianzisha hawakuanza ziro, walichukua programu nyingine inaitwa b2 iliyokuwa haina tena wa kuiangalia wakaiendeleza. Joomla, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, nayo ilizaliwa 2005 kutoka kwenye programu inaitwa Mambo. Leseni yao, inaitwa GPL, inaruhusu uitumie, uibadilishe, hata uiuze, sharti ni kwamba unayemkabidhi apate na yeye uhuru ule ule ulioupata wewe. Kwa hiyo kuchukua hela sio wizi. Na laki nane ile haikuwa bei ya WordPress, ilikuwa ni siku za kukaa na wazee niandike maelezo ya asali yao, kwenda porini kupiga picha mizinga, kutengeneza thimu, yaani sura ya tovuti, inayofanana na wao, domeni (anwani ya tovuti) ya .co.tz na hosti (mahali tovuti inapokaa) ya mwaka wa kwanza, na kumfundisha dada katibu abadilishe bei mwenyewe msimu ukigeuka bila kunitafuta. Yule jamaa nilimuuliza mbele yao, PHP umeiandika wewe? MySQL je? Hakunijibu, maana PHP ni lugha ya kuandikia programu, MySQL ni hifadhidata, nazo ni huria na ndizo anazojengea hiyo ziro yake.

Ila sababu yangu kubwa wala sio bei. Huku kwetu mafundi wa tovuti tunahesabika, na fundi akipata kazi Dar anapanda treni anaondoka, hilo mnalijua. Mwaka jana niliitwa kwenye ushirika mmoja, siutaji, walikuwa na tovuti iliyoandikwa kuanzia ziro na aliyeiandika kahamia mkoa mwingine, simu hapokei. Nikafungua mafaili, hamna maelezo hata mstari mmoja, nywila ya hifadhidata iko wazi humo humo ndani, na nywila za wanachama zimehifadhiwa kama walivyoziandika, yaani yeyote atakayeingia anazisoma. Kubadilisha namba ya simu ukurasa wa mbele ilinichukua mchana mzima. Wale watu walilipa hela ya michango, miezi kumi na nne baadaye wanashindwa hata kuweka tangazo la mkutano. Ingekuwa WordPress au Joomla ningeingia mimi, na nisipokuwepo mimi ataingia kijana wa Ujiji au wa Shinyanga, kwa sababu wote tunajua mlango uko wapi. Mteja wa huku anahitaji aweze kumbadilisha fundi, kuliko anavyohitaji kitu ambacho hakuna mwingine anacho.

Lakini nimtendee haki jamaa, kuna mahali hoja yake ina uzito. Mlango tunaoujua sisi hata wezi wanaujua. Oktoba 2014 Drupal 7, nayo programu huria ya kujengea tovuti, iligundulika ina tundu baya, kiraka cha kuliziba kikatolewa, na wiki mbili baadaye timu yao wenyewe ikatangaza kwamba tovuti ambayo haikuapdetiwa ndani ya masaa 7 tangu kiraka kitangazwe ichukuliwe kuwa imeshaingiliwa. Ukihesabu kwa saa za kwetu ni kuanzia saa moja jioni mpaka saa nane usiku, fundi gani wa Tabora alikuwa macho? WordPress tangu toleo 3.7 la 2013 inajiwekea yenyewe viraka vidogo vya usalama, sawa, ila plagini, yaani vipande vya kuongezea kazi kwenye tovuti, na thimu nyingi zinabaki zimelala hivyo hivyo miaka. Halafu kuna wenzetu wanashusha thimu za kulipia zilizovunjwa kufuli ili waokoe dola kadhaa, na nyingi ndani yake mna mlango wa nyuma, kisha wanamkabidhi mteja na tabasamu. Wengine wanarundika plagini thelathini mpaka ukurasa unakuwa mzito, mnunuzi aliyeko Uvinza na bando lake dogo anasubiri anachoka anafunga. Hawa ndo wanaotuharibia jina.

Na zipo kazi siwezi kuzifanya kwa WordPress hata unilipe mara mbili. Saccos ikitaka daftari la mikopo na hisa za wanachama, hapo iandikiwe programu yake na watu wanaojua wanachofanya, huwezi kuunganisha unganisha plagini kwenye hela za watu.

Wizi ninaouona mimi ni ule wa kuficha. Unafuta jina la WordPress unamwambia mteja umeiandika mwenyewe usiku na mchana, domeni unaisajili kwa jina lako, nywila ya msimamizi unaishikilia, siku akitaka kuondoka unamwambia alipe kwanza. Huyo hata angeandika kuanzia ziro kweli angekuwa mwizi tu.

Wazee wameahirisha mpaka Jumamosi, wamesema kila mmoja alete karatasi moja. Yangu nimeshaandika: domeni kwa jina la kikundi, akaunti ya msimamizi kwa katibu tangu siku ya kwanza, bakapu kila mwezi kwenye flashi inayokaa ofisini kwao. Ninapokwama ni kwenye matunzo. Nikiweka elfu ishirini kwa mwezi ya kuapdeti najua wataniuliza kwa nini walipie kitu ambacho kimeshakwisha, nisipoweka tovuti itaingiliwa kabla ya masika mawili na lawama zitakuja kwangu. Nyie mnaofanya kazi hii Kigoma, Nzega, Urambo, hicho kipengele mnakiandikaje mpaka mteja anakubali kusaini?