Kamera ya nyuma hupotea na sensa hulia ovyo: ninunue mpya au nirekebishe?

Muulizaji, Kiamunyi, Nakuru

Hamjambo nyote. Naomba ushauri wa watu wanaoufahamu umeme wa magari kabla sijatoa pesa. Gari langu ni stesheni wagoni ndogo ya mwaka 2017, iliyotumika Japani kabla ya kuletwa nchini. Tangu mvua zianze, ninapoingiza gia ya rivasi skrini hubadilika kama kawaida na ile mistari ya kupimia umbali huonekana, lakini nyuma ya mistari ni giza tupu. Nikifungua buti na kulibamiza, mara nyingine picha hurudi, kisha hupotea tena nikipita penye mashimo, na huku kwetu mashimo hayatafutwi. Sensa za bampa, vile vifaa vya kutahadharisha kwamba kuna kitu nyuma, nazo hulia mfululizo hata kama nyuma hakuna kitu. Bampa hilo lilipigwa rangi upya mwaka jana baada ya kukwaruzwa.

Fundi mmoja amesema ninunue kamera nyingine kwa shilingi 4,500. Wa pili anasema redio ndiyo iliyokufa, niweke ya Android, yaani ile yenye skrini kubwa inayotumia mfumo kama wa simu. Naishi kwenye ua tunaoutumia familia kadhaa, na watoto hucheza nyuma ya magari kila jioni, kwa hivyo sitaki kubahatisha. Nimsikilize nani?

Fundi wa nyaya, Kisumu

Pole dada. Kwa maelezo yako, mimi singemlipa yeyote kati yao mpaka afungue ule mpira wenye mikunjo ulio karibu na bawaba za buti na kuzikagua nyaya zilizomo.

Katika magari mengi ya aina hiyo, mistari huchorwa na redio yenyewe, si kamera. Ikiwa unaiona, basi redio ni nzima na imepata habari kwamba gia iko rivasi. Kinachokosekana ni picha peke yake, na picha husafiri kwa waya unaotoka kwenye kamera, unaopita ndani ya mlango wa buti, kisha kwenye mpira huo, ndipo uingie darini na kuteremka hadi dashibodi. Kila unapofungua buti, waya hujikunja mahali pale pale, na baada ya miaka shaba hukatika ndani kwa ndani huku ganda la nje likionekana zima. Ukibamiza buti, ncha zilizokatika hugusana na picha inarudi. Kamera iliyoingiwa na maji kwa kawaida huanza kwa kuonyesha ukungu au madoadoa, jambo ambalo hukulitaja.

Hata magari ya bei kubwa hayajanusurika. Mwezi Desemba 2021, Tesla, kampuni ya magari ya umeme, iliitisha magari 356,309 ya Model 3 ya kuanzia mwaka 2017 hadi 2020 yarudishwe kurekebishwa, kwa sababu kufungua na kufunga buti kungeweza kuuharibu waya wa kamera ya nyuma.

Kabla ya kwenda gereji, fanya hivi. Weka vizuizi kwenye magurudumu, vuta breki ya mkono, washa swichi bila kuwasha injini, kanyaga breki na uingize rivasi. Mtu mwingine asimame kando, si nyuma, atazame taa nyeupe za rivasi, halafu aukunje mpira ule polepole huku na huku wakati wewe unatazama skrini. Picha ikikatikakatika, mgonjwa amepatikana. Kama taa za rivasi zingekuwa haziwaki na skrini haibadiliki kabisa, ningekuelekeza kwenye fyuzi au swichi ya gia, lakini hiyo si hali yako.

Kuhusu matengenezo, usikubali nyaya zisokotwe kwa mkono na kufungwa tepu, kwa maana zitakatika tena kabla ya mvua zijazo. Kipande kilichochoka kiondolewe, kiwekwe waya laini mrefu kidogo, na maungio yalehemiwe mbali na sehemu inayojikunja. Waya wa picha una wavu wa shaba unaouzunguka ili kuzuia mwingilio wa umeme. Wavu huo uunganishwe peke yake na usigusane na waya wa katikati, la sivyo utabaki na giza lile lile.

Muuza vifaa vya magari, Eldoret

Ushauri wa fundi ni mzuri, lakini tuseme ukweli: redio nyingi za kutoka Japani hazifikii stesheni zetu zilizo juu ya megahatzi 95, na maandishi yake ni ya Kijapani. Ukiweka ya Android pamoja na kamera yake, utakuwa umemaliza mambo mawili kwa safari moja.

Fundi wa nyaya, Kisumu

Anayetaka kusikiliza stesheni zaidi na abadilishe redio, sina ugomvi naye. Ila redio mpya ikiunganishwa na waya ule ule uliokatika itaonyesha giza lile lile kwenye skrini kubwa zaidi. Jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji ni kwamba kamera nyingi za kiwandani za Toyota hupokea volti 6 kutoka kwenye redio, ilhali zile za dukani hutumia 12. Nimeletewa kamera nzima zilizounguzwa kwa kuunganishwa moja kwa moja na waya wa taa ya rivasi.

Dereva wa lori la miwa, Mumias

Mimi si fundi, lakini nimeendesha magari yasiyo na kioo cha ndani chenye faida yoyote. Mama, hadi gari litengenezwe, zunguka nyuma kwa miguu kabla ya kuingia, teremsha vioo vya milango usikie sauti, na ukiweza liingize kinyumenyume unaporudi jioni ili asubuhi utoke kwa mbele. Mtoto mdogo aliyechutama karibu na bampa haonekani kwenye kioo chochote.

Wamarekani walitunga sheria ya jambo hili mwaka 2008 na kuipa jina la Cameron Gulbransen, mtoto wa miaka 2 aliyegongwa na gari la baba yake likirudi nyuma nyumbani kwao. Tangu Mei 2018 kila gari dogo jipya linalouzwa huko lazima liwe na kamera, na picha itokee ndani ya sekunde 2 baada ya kuingiza rivasi. Japani sharti la kuwa na kamera au kifaa kingine cha kutambua kilicho nyuma lilianza na modeli mpya mwezi Mei 2022, kwa hivyo la kwako la 2017 halikulazimika kuwa nayo. Huenda kamera iliongezwa na muuzaji wa huko.

Mwanamke mwenye gari, Kakamega

Naongeza kidogo. Angalia pia kama gari lako liliitishwa na mtengenezaji kwa hitilafu yoyote, maana sisi tunaonunua magari yaliyotumika hatupati barua za wito huo. Tumia tovuti ya Kijapani ya kampuni iliyolitengeneza na uweke nambari ya chasisi. Tovuti za Marekani hudai nambari yenye jumla ya herufi na tarakimu 17, na magari ya soko la Japani hayana.

Muulizaji, Kiamunyi, Nakuru

Nashukuru sana. Tumeukunja mpira na picha ikawa inakuja na kutoweka. Fundi wa hapa aliufungua, akakuta waya wa picha umekatika na mwingine umebaki uzi mmoja. Amevirekebisha kwa kulehemu na sasa picha ni thabiti. Kelele za sensa bado zipo. Je, nibadilishe zote nne?

Fundi wa nyaya, Kisumu

La, dada. Swichi ikiwa imewashwa na gia iko rivasi, gusa kila sensa kwa kidole. Iliyo hai hutetemeka kwa mdundo mwepesi wa haraka. Isiyotetemeka ndiyo ya kushukiwa, na kwa bampa lililopakwa rangi upya, mara nyingi ni tabaka nene lililoziba uso wake, kwa kuwa sensa hutuma mawimbi ya sauti na kusubiri mwangwi. Zikitetemeka zote, mwambie fundi achunguze kama kuna iliyorudishwa ikiwa imeinama, maana ikitazama chini itaihesabu ardhi kuwa kizuizi. Ukilazimika kununua, linganisha nambari iliyoandikwa mgongoni na umbo la plagi, wala usihangaike na rangi yake. Rangi hupakwa nyembamba, sensa ikiwa nje ya bampa.