Mafuriko: tuanze na kamera au rada?

Mchoraramani: Ndugu zangu, tunapopanga upigaji wa picha za setilaiti kwa ajili ya waokoaji, katika maafa kama ya Kimbunga Idai kilichoingia nchi kavu karibu na Beira, Msumbiji, Machi 2019, ni kipi kitangulie: kamera ya kawaida au rada?

Mpimaji: Rada, ndugu. Mawingu ya kimbunga huweza kutanda kwa siku kadhaa, ilhali rada ya Sentinel-1, setilaiti ya Ulaya, huyapenya usiku na mchana, ikifagia ukanda wa kilomita 250 kwa mpito mmoja. Maji yaliyotulia huonekana meusi kama wino.

Fundi Rada: Naafiki, ila mjini mambo hubadilika: mawimbi ya rada hugonga maji, kisha kuta za nyumba, ndipo yarudi kwenye setilaiti, na mtaa uliofurika huweza kung'aa badala ya kuwa mweusi. Mimi mwenyewe nimewahi kuuhesabu mtaa mzima kuwa mkavu kwa kosa hilo. Linganisha picha ya rada na ile ya kabla ya maafa, iliyopigwa setilaiti ikiwa katika njia ileile.

Mchoraramani: Nashukuru. Basi picha za kamera zenye undani mkubwa, ambazo hufunika eneo dogo, tutaziomba kwa madaraja na hospitali tu, mawingu yakitawanyika.