Wakuu naomba ushauri wa mashine za kusikia: Phonak Sphere au Oticon Intent kwa mtu wa duka lenye kelele?

Spea Used
Habari zenu wakuu. Mimi sio mwandikaji humu, huwa nasoma na kupita, ila leo nimekwama. Nina miaka 54, nimechomelea mageti na kukata vyuma mtaa wa Gerezani hapa Dar miaka 19 bila hata pamba masikioni, enzi hizo ukivaa kinga wenzio wanakuuliza unajifanya nani, saivi nina duka la spea Kariakoo na masikio ndo yananidai. Nasikia kwamba mtu anaongea, ila maneno siyapati, hasa akiwa mwanamke au mtoto na pembeni kuna jenereta la jirani.

Kilichonitoa ndani ni hiki. Mwezi wa pili alikuja dada mmoja anataka shokapu, tukabishana bei, akasema sitini, mimi nikasikia tisini, nikamwambia haya chukua. Ananihesabia elfu sitini namwona tapeli, nikapandisha sauti mbele za watu, mpaka kijana wangu wa dukani akanivuta shati akasema bosi amesema sitini, sote tumesikia. Yule dada alikuwa anatetemeka. Siku hiyo nilifunga duka saa tisa.

Nikaenda kupima. Karatasi inaonyesha sauti nzito niko desibeli 20 na 25 (namba ikiwa kubwa ndo husikii), nikifika sauti nyembamba za hatsi 4000 naporomoka mpaka 70, 8000 napanda kidogo 60, masikio yote mawili. Mtaalamu kaniambia mashine za bei ya juu alizonazo ni mbili, Phonak Audéo Sphere Infinio na Oticon Intent, zote zimetoka 2024. Sphere kaniambia milioni 14 na laki mbili, Intent milioni 12 na laki nane, hiyo ni jozi. Kijana wangu yuko Muscat amesema atachangia nusu. Natumia simu ya Tecno, navaa miwani, naswali msikitini, vikao vya harusi ndo usiseme. Aliyewahi kuvaa hata moja kati ya hizo anisaidie, maana matangazo yao yote yanasema wao ndo wa kwanza duniani.

Ngosha wa Mjini
Mkuu milioni 14 masikioni?? Hiyo si bajaji hiyo? Weka bajaji barabarani ikuletee hesabu kila siku.

Spea Used
Ngosha, dereva akiniletea hesabu pungufu na maneno mengi nitamsikia na nini?

Mwana wa Makorora
Pole sana mkuu, hiyo ya sitini na tisini imenichoma kwa sababu mimi yalinikuta benki. Navaa Sphere tangu mwaka jana, nakwambia nilichokiona mwenyewe.

Ina chipu mbili ndani, moja ya kazi za kawaida na nyingine kazi yake ni kuchambua sauti ya mtu na kuitenga na kelele. Ukiingia sehemu ya fujo inajiwasha yenyewe. Siku ya kwanza nimekaa mgahawani nasubiri chapati, feni kubwa inazunguka, vyombo vinagongana, ghafla ile kelele ikawa kama imefungiwa chumba cha pili na nikamsikia aliyekaa nyuma yangu anamsema shemeji yake. Nyuma yangu, sio mbele! Mashine yangu ya zamani ilikuwa inasikiliza mbele tu, ukiitwa kutoka ubavuni umeshaonekana una dharau.

Kasoro zake sasa. Moja ni kubwa kidogo, na wewe una miwani, utapata shida ya mkono wa miwani na kifaa kugombania sehemu moja nyuma ya sikio mpaka uzoee. Halafu ile chipu ya pili inakula chaji. Mimi natoa kwenye chaja saa kumi na mbili asubuhi, kwa siku ya kawaida nafika usiku bila wasiwasi, ila siku ya mnada ambapo niko kwenye kelele kutwa na simu naongea kwa bluututhi, magharibi ikiadhiniwa na yenyewe inaniaga. Betri haitoki, sio ile ya kubadilisha mwenyewe. Kingine, kwenye kelele nyingi sauti za watu zinakuwa kavukavu fulani hivi, kama mtu wa redio. Mimi sijali, mke wangu ndo anajali maana nimemwambia anaongea kama mtangazaji.

Bi Chuma
Mie natumia Intent na nisingebadilisha na mtu, ila sijui kama ni ya kwako kaka.

Intent ina vihisio vinavyosoma kichwa chako na mwili wako. Ukitulia unamwangalia mtu mnaongea, inaelewa kuwa unamtaka huyo inamleta mbele, ukianza kugeuzageuza kichwa inaelewa unatafuta mtu inafungua sauti za pande zote, ukitembea hivyohivyo. Mie ni mhasibu, nakaa ofisini, vikao vya watu sita saba, napata sauti laini ya asili kabisa, hata mvua kwenye bati nimeisikia tena kama nilivyokuwa mdogo. Kichenpati ya mdogo wangu nilikaa meza ya mwisho mbali na spika, mazungumzo nilipata. Walipotuhamishia mbele karibu na spika nilipata muziki tu, sitakudanganya.

Sasa wewe mtu wa spea huku unaongea na mteja huku unageuka kwenye shelfu unatafuta bushi, kichwa hakitulii. Wasiwasi wangu uko hapo. Uzuri mwingine, chaja yake ile ya kufunika ina betri ndani, umeme ukikatika usiku asubuhi unakuta imeshachaji. Na ni ndogo, nikishusha ushungi hakuna anayejua.

Simu sasa. Mie nina iPhone ndo maana sina shida, napokea na kuongea mikono mitupu.

Fundi Masikio
Nafanya kazi kwenye kliniki ya masikio, sitasema wapi na sina cha kukuuzia.

Bi Chuma kagusa penyewe, simu. Phonak inatumia bluututhi ya kawaida, ileile ya spika za mtaani, kwa hiyo itashika Tecno, itashika kiswaswadu chenye bluututhi, na maiki zake zinachukua sauti yako huna haja ya kuinua simu. Intent inatumia bluututhi ya aina nyingine, inapatana na iPhone na baadhi ya Android, na simu nyingi za bei ya chini haziko kwenye hiyo orodha. Kama haimo utanunua kidude cha kuvaa shingoni au kifuani ndo kikuunganishe. Nenda na simu YAKO kliniki, iunganishwe palepale, upigiwe, uongee. Usikubali kuonyeshwa kwa simu ya daktari.

Halafu karatasi yako. Ile 4000 kuporomoka na 8000 kupanda kidogo, hiyo ni saini ya kelele za karakana, grainda ile. Sauti nzito unazisikia vizuri ndo maana unaona watu wanaongea, lakini s, f, sh, th, t zinaishi huko juu kwenye shimo. Sitini na tisini ni herufi zilezile zimebadilishana nafasi tu, wewe ulikuwa unasikia "i-i-ini" kichwa kinajaza kilichobaki. Na kichwa cha muuzaji kinajaza bei kubwa, hahaha samahani.

Cha kusimamia kuliko jina la kampuni ni jinsi utakavyofungiwa mashine na kurekebishiwa sauti. Mwambie akupime kwa kimrija chembamba kinachoingia sikioni mashine ikiwa imevaliwa, ili aone kwenye kompyuta sauti inayofika karibu na ngoma ya sikio lako wewe. Wapo wanaochomeka tu, kompyuta inakisia, wanasema "unasikia?" unasema "nasikia", umeshalipa. Nimepokea mgonjwa ana mashine ya daraja la juu kabisa aliyoiweka kabatini miezi nane, nilipopima sauti za hatsi 4000 zilikuwa hazijaongezwa hata nusu ya alichohitaji. Nimemrekebishia dakika arobaini, akalia.

Na uliza daraja. Sphere ina 90 ndo ya juu na ina 70, Intent ina 1 ndo ya juu mpaka 4. Usije ukalinganisha bei ya 90 na bei ya 2 ukadhani kampuni moja ni ya bei rahisi.

Kidole Juu
Wakuu mbona kuna zile za elfu 35 pale pale Kariakoo? Nilimnunulia bibi, anasikia vizuri tu.

Mwana wa Makorora
Kidole Juu zile zinapandisha kila kitu, mazungumzo, pikipiki, sufuria, vyote. Huyu sauti nzito anazisikia kama wewe, ukimpandishia jenereta la jirani mara tatu atakimbia duka. Na bibi muulize vizuri, pengine anaitikia tu ili usijisikie vibaya.

Mpita Njia
Si aende Muhimbili apandikizwe kile kifaa cha ndani ya sikio? Wamefanyia watoto wengi.

Fundi Masikio
Muhimbili walianza kupandikiza 2017 kweli, ila ile ni kwa ambaye mashine ya kawaida haimsaidii kitu. Huyu bado ana usikivu mzuri upande wa chini, hatuendi kuuharibu.

Muscati
Spea Used mi niko huku Oman kama mwanao. Atashawishika akununulie huku akutumie, mwambie asubiri. Nilimnunulia mama yangu mzazi huku nikampelekea Pemba, mashine nzuri tu, lakini mtaalamu wa kwanza tuliyempata Dar alikataa kuigusa, wa pili akatutoza hela ya kila marekebisho, waranti wakasema rudisha ulikonunua. Na kuna maduka makubwa nje huko programu ya mashine imefungwa, anayeweza kuirekebisha ni wao tu. Hela atume, mashine ununue hapo unapoweza kurudi kwa miguu.

Jasho nalo. Zote hizi zina kinga ya maji na vumbi lakini chumvi ya jasho inaziba maiki. Usiku futa kwa kitambaa kikavu, mama anaziweka kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja kwenye viatu vipya vinachoka haraka, nunua vya maduka ya kamera.

Bi Chuma
Na nta ya masikio jamani! Spika iko ndani ya sikio, nta inaziba kichujio, mtu anadhani mashine imekufa. Vichujio badilisha mwenyewe, usikubali kulipishwa.

Spea Used
Nimerudi wakuu, wiki tatu zimepita. Nawashukuru kwa kweli.

Nilienda na Tecno yangu kama nilivyoambiwa. Intent ilikataa, tumejaribu nusu saa, yule binti wa kliniki mpaka akaona aibu. Sphere ilishika mara moja. Lakini sikutaka simu iniamulie, nikaomba nijaribu zote, wakaniachia kila moja siku tano kwa dhamana.

Intent, Bi Chuma uko sahihi, sauti tamu. Nyumbani na msikitini niliipenda zaidi kuliko nyingine, hotuba ya Ijumaa niliipata neno kwa neno na sikumbuki mara ya mwisho ni lini. Dukani ndo ikawa kama ulivyosema, nikiwa nimegeukia shelfu mteja akiongea namsikia yeye na bodaboda na jenereta wote kwa pamoja. Sphere dukani ni kitu kingine. Jenereta linabaki kama liko mtaa wa pili. Nikamwambia kijana wangu simama nyuma yangu taja bei kwa kuchanganya, sitini, tisini, sabini, tisini, sitini. Kumi nimekosa moja. Kwa zamani nilivyokuwa ningekosa nusu.

Nimechukua Sphere, ila daraja la 70 sio 90, baada ya kuuliza swali la Fundi Masikio. Kimrija wamenipima, kwanza yule mtaalamu alisema sio lazima, nikakaa tu kwenye kiti nikamwangalia, akaenda kukichukua.

Mabaya nayo: sauti yangu mwenyewe wiki ya kwanza nilikuwa kama naongea ndani ya pipa, wamenibadilishia raba za sikioni wakaweka zenye matundu imepungua. Miwani inanisumbua bado. Na juzi nimezivua kwa ajili ya udhu nikaziweka juu ya ukuta pale kwenye mabomba, nikaswali, nikaondoka zangu, nimefika kwenye kona ndo najiuliza mbona Kariakoo leo kumetulia. Nimekimbia na kanzu. Nilizikuta, mzee mmoja kazifunika na kofia yake zisipate maji. Saivi natembea na kikopo mfukoni.

Fundi Masikio
Safi sana. Rudi baada ya mwezi waongeze tena zile sauti za juu, saivi lazima walikuanzia chini ili usichoke. Vaa kutwa, hata ukiwa peke yako.

Ngosha wa Mjini
Hongera mkuu, nafuta kauli ya bajaji. Mzee wangu naye ana shida hiyohiyo, hiyo 70 mwisho wa maneno walikuachia ngapi?

Spea Used
Njoo pm. Na uje na karatasi ya kipimo cha mzee kwanza, sio jina la mashine.