Naomba ushauri: tasnifu ya hewa ukaa ya usafiri imenikwamisha

Wakuu, shikamooni. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu uchumi, ongezeko la watu na hewa ukaa ya magari Tanzania. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9, ya 2022 milioni 61.7. Uchumi nao umekua kipindi hichohicho. Vyote vimepanda pamoja, kwa hiyo nashindwa kujua moshi umetokana na watu kuongezeka au na watu kupata hela ya kununua bodaboda na magari madogo kama Toyota IST.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni mafuta. Hesabu yenyewe nyepesi: lita ya petroli ikiungua hutoa takribani kilo 2.3 za kaboni dayoksaidi (ndiyo hewa ukaa yenyewe), dizeli kama 2.7. Lakini lita ngapi zimeungua kwenye barabara zetu? Mengi yanayoshushwa bandari ya Dar yanakwenda Zambia na Kongo, mengine yanaishia kwenye jenereta na mashine za kusaga. Na lori linalojaza tenki Dar likavuka mpaka wa Tunduma kuingia Zambia, moshi wake ni wa nani?

Msimamizi wangu anasema nitumie idadi ya vyombo vya moto vilivyosajiliwa. Sawa, ila pikipiki ya 2013 leo si ajabu ni chuma chakavu, na kwenye daftari bado ni nzima!

Aliyewahi kufanya utafiti wa namna hii, ulianzia wapi? Nikiwahoji bodaboda wa Mbagala lita wanazotia kwa siku, watahini watanielewa au wataona ni stori za kijiweni? Nimebakiwa na miezi minne.