Korosho au makadamia: ipi uoteshe kwa mbegu nyuma ya nyumba?

Kiwanja_Mkuranga: Wakuu, habari za jioni. Nyuma ya nyumba nina nafasi ya miti miwili mitatu. Shangazi kanitumia korosho ghafi kutoka Newala, na jamaa wa Embu kaniletea makadamia na maganda yake. Nipande hizi hizi au nikanunue miche ya kubebesha, ile iliyoungwa kikonyo cha mti mwingine?

Mtoto wa Newala: Korosho za msimu huu zitaota, usihofu. Mwaga kwenye ndoo ya maji: zinazoelea achana nazo, panda zilizozama. Kina ni kama sentimita 5, na upande ule ulioshikana na bibo uangalie juu. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wiki mbili tatu utaona kitu. Usijaribu kubangua kwa meno, mafuta ya ganda lile yanababua midomo. Na panya! Mwaka juzi nilifukia nane, asubuhi nikakuta tano zimefukuliwa. Siku hizi nafunika kwa kopo lililotobolewa.

Bi Mwana: Mie nilianzia kwenye viriba, nikajuta. Mkorosho unashusha mzizi mkuu upesi, ukichelewa unajisokota humo chini. Wangu niliuhamisha ukiwa na miezi mitano, ukadumaa. Mwenziwe niliyemtia shimoni moja kwa moja alimpita kimo kabla mwaka haujaisha. Ukitaka kiriba, kiwe kirefu na usikae nao.

Mkulima Embu: Ndugu, makadamia Mkuranga? Huo ni mti wa baridi ya milimani, joto la pwani litautesa. Hata huku, mbegu yaweza kukaa mwezi, miwili, hujaona kitu, na ikiwa ya zamani haioti kabisa. Ikishaota, ngoja miaka saba au zaidi upate njugu. Wa kubebesha, sisi twauita wa kupandikiza, huanza mwaka wa tatu au wa nne. Sisi mbegu twaotesha tupate shina la kupandikizia, basi. Hizo alizokuletea zivunje mle.

Kiwanja_Mkuranga: Haya, makadamia tunakula leo leo. Ila korosho, zitatoka kama za mti wa shangazi? Ule unazaa balaa.

Mtoto wa Newala: Hakuna uhakika. Maua ya mkorosho yanachavushwa na ya jirani, kwa hiyo kila mbegu ni kamari. Ningekuwa nalima ekari, ningetafuta miche ya mbegu bora za Naliendele, kituo cha utafiti wa korosho kule Mtwara, maana ya kubebesha inaanza kuzaa mwaka wa pili. Wewe unataka kivuli na mabibo ya watoto, tia mbegu tatu kwenye shimo moja, baadaye ubakize mche wenye nguvu. Lakini miti mitatu hapo? Shambani tunaachanisha mita 12 kwa 12.

Kiwanja_Mkuranga: Nimetoka kupima na tochi ya simu. Ukuta wa choo hadi mpaka wa jirani ni mita 19 tu. Basi shimo moja. Nimelowesha konzi mbili, saba zinaelea.