Jumba la Cragside: umeme wa maji ulitoka wapi?

Swali

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Hivi karibuni nilitembelea jumba la Cragside, karibu na mji mdogo wa Rothbury katika jimbo la Northumberland, kaskazini mwa Uingereza. Tuliambiwa kuwa hii ndiyo nyumba ya kwanza duniani kuwashwa taa kwa umeme wa maji, lakini nililizunguka jumba zima nisione maporomoko wala mtambo wowote. Nilichokiona ni maziwa yaliyotulia, miamba, na msitu mzito unaoshuka hadi kwenye daraja la chuma. Je, maziwa hayo ni ya asili? Na umeme wenyewe ulizalishwa wapi? Naomba mwenye ujuzi anieleweshe.

Jibu la 1

Ndugu yangu, uliupita mtambo wenyewe bila kuutambua, kwa sababu mtambo ni hayo maziwa. Yote matano yalitengenezwa kwa mikono ya watu baada ya William Armstrong, mwenye jumba, kuanza kujenga mwaka 1863. Armstrong alikuwa wakili mjini Newcastle kabla ya kugeukia uhandisi, na jina lake lilianza kuvuma kutokana na kreni za bandarini zilizoinua mizigo kwa msukumo wa maji. Mtu wa namna hiyo akipewa bonde lenye kijito, hawezi kuliangalia kama mandhari tu.

Maji ya ziwa la Tumbleton yaliendesha pampu iliyopandisha maji hadi kwenye tangi lililo mlimani, juu zaidi ya jumba, na msukumo wa maji yanayoshuka kutoka huko ndio ulioendesha lifti na kuzungusha chuma cha kuchomea nyama jikoni. Umeme ulifuata baadaye. Mwaka 1878 iliwashwa taa moja yenye mwanga mkali mno katika ukumbi wa picha. Mwaka 1880 zikaja balbu za rafiki yake, Joseph Swan, ambazo mtu angeweza kukaa nazo chumbani bila kuumia macho. Dainamo ilizungushwa na turbini yenye nguvu za farasi sita, nayo ilikuwa yadi 1,500 kutoka kwenye jumba, ndiyo maana hukuiona.

Ukirudi, simama maktabani uitazame ile mitungi ya shaba yenye nakshi. Armstrong aliigeuza kuwa taa. Waya ulipita ndani ya mtungi na ncha yake ikachomoza chini bila kufunikwa, ikachovya katika kikombe kidogo cha zebaki kilichounganishwa na umeme, huku shaba ya mtungi ikiurudisha umeme. Ukiinua mtungi taa inazimika, ukiuweka inawaka. Binafsi naona swichi hiyo inavutia kuliko yale meko makubwa ya marumaru ya sebuleni ambayo kila mgeni huyapiga picha.

Jibu la 2

Naunga mkono maelezo ya mwenzangu, ila nina la kuongeza kuhusu msitu, kwa maana nao si wa asili. Mlima ule ulikuwa mawe na nyasi za porini. Armstrong na mkewe, Margaret, walipanda miti na vichaka ambavyo hukadiriwa kufikia milioni saba, ikiwemo misonobari ya Amerika Kaskazini ambayo sasa ni mirefu kupindukia, na bustani ya mawe iliyo chini ya jumba ilipangwa mwamba kwa mwamba ingawa inaonekana kana kwamba mlima uliporomoka wenyewe. Jumba nalo lilianza likiwa nyumba ndogo ya mapumziko ya uvuvi na uwindaji. Msanifu Richard Norman Shaw ndiye aliyeanza kulitanua mwaka 1869, kipande baada ya kipande, na mtu akilitazama kutoka chini huona wazi kwamba halikuchorwa kwa mkupuo mmoja.

Hata hivyo, tusimpambe kupita kiasi. Fedha za miti hiyo zilitoka pia kwenye mizinga na meli za kivita za kiwanda chake cha Elswick, na baadhi ya wageni waliolala Cragside walikuwa wateja wa silaha. Ajabu ni kwamba mwaka huohuo wa 1863 alisimama mbele ya wanasayansi mjini Newcastle, katikati ya nchi ya makaa ya mawe, akawaonya kwamba makaa ya Uingereza yana mwisho.

Mwulizaji

Nawashukuru nyote wawili. Je, kuna mtambo wowote wa maji unaofanya kazi hadi leo?

Jibu la 1

Upo. Jumba lilikabidhiwa kwa shirika la hifadhi la National Trust mwaka 1977, na mwaka 2014 shirika hilo liliweka parafujo kubwa ya chuma, yenye urefu wa mita 17, kando ya Tumbleton. Maji ya ziwa huizungusha yakishuka, nayo huzalisha hadi kilowati 12. Pia kuna kituo cha umeme cha zamani, kilichojengwa baadaye mwaka 1886, kiko Burnfoot, bondeni, nacho kilipata maji kutoka maziwa ya Nelly's Moss yaliyo juu kabisa ya mlima. Anzia huko juu ufuate maji yanakoelekea, kisha uingie jumbani mwishoni.